Tafakuri ya Leo: Neno Moja, Maana Tatu



Wageni wanaotembea Mji Mkongwe hutuuliza kwa Kiingereza kama tumefunga, na neno lao ni "fast". Watoto wetu skuli wanalijua kwa maana mbili: kufunga saumu, na kwenda mbio. Ipo ya tatu, nayo ndiyo kongwe zaidi: kitu imara, kilichoshikwa barabara kisiachie. Maana ya kufunga ilitoka hapo, kwamba mfungaji ni mtu aliyejishikilia. Ya mbio ilikuja baadaye.

Tazama na kwetu. Saumu kwa Kiarabu asili yake ni kujizuia. Bi Maryamu (a.s.) aliweka nadhiri ya saumu, na saumu yake ilikuwa kutosema na mtu (Maryam: 26). Na sisi Waswahili twasema kufunga, kama unavyofunga ngalawa isichukuliwe na maji. Lugha tatu, jambo moja.

Basi tujiulize, sisi tumeshika maana ipi? Ikishapita alasiri, angalia njia ya Darajani kwenda Mwanakwerekwe. Vespa zinapenya, gari zinapigiana honi, matusi nje nje. Tumbo limefunga, ulimi na mkono vimefunguliwa! Mchana kutwa umejishikilia, halafu unaachia dakika kumi za mwisho? Na anayevuka barabara pale ni mtoto wa mwenzio, katumwa boflo.

Utasema: si Mtume (s.a.w.) katuhimiza kuharakisha kufutari? Kweli, hadithi ipo kwa Bukhari na Muslim. Lakini haraka hiyo ni kutochelewesha jua likishazama, si kukimbiza chombo kabla halijazama. Mtume huyo huyo katufundisha kwamba tukisikia iqama tusiende mbio, twende kwa utulivu. Ikiwa sala yenyewe haikimbiliwi, seuze uji na sambusa?

La kufanya leo ni dogo: tia mfukoni tende tatu na chupa ya maji. Adhana ikikukuta njiani, simama pembeni, fungua, omba dua yako, kisha nenda taratibu. Futari haikimbii. Na wale walioko nyumbani wanakungoja wewe, ufike salama.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu, tulinde sisi na watoto wetu njiani, na utujaalie tushikamane na kamba Yako hadi mwisho. Aamin.

Mtumie na mwenzio, hasa mwenye vespa.