Aliyesema Wauawe, na Waliomtangulia

Jumatano ya Septemba 10, 2025, kwenye kipindi cha asubuhi cha Fox & Friends huko Marekani, watangazaji watatu walikuwa wakizungumzia mauaji ya binti mkimbizi kutoka Ukraine, aliyechomwa kisu mwezi uliotangulia ndani ya treni ya mjini Charlotte, North Carolina. Mtuhumiwa ni mtu asiye na makazi, tena mwenye historia ya ugonjwa wa akili. Lawrence Jones akasema watu wa namna hiyo wachague moja: wakubali huduma wanazopewa, au waende jela. Brian Kilmeade akadakia kwamba ipo njia nyingine, wadungwe sindano ya kifo. Wauawe tu, akasema.

Maongezi yakaendelea kama vile mtu ametaja hali ya hewa. Kila nikiirudia video ile, jicho langu linakwenda kwa wale wenzake wawili. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyemuuliza, bwana, hivi umesikia ulichokisema?

Kelele zilikuja mwishoni mwa wiki, video ilipoanza kusambaa. Jumapili Kilmeade akaomba radhi hewani. Alikiri kwamba kauli yake ilikuwa ya ukatili mkubwa, na kwamba si kila mgonjwa wa akili anayelala nje hufanya kama yule anayetuhumiwa huko Charlotte. Vijana wangu wa kijiweni wameridhika. "Mzee, mtu ameshaomba msamaha, mnataka nini tena?"

Msamaha nimeusikia, wanangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi nao hujikwaa kwenye njia uliyozoea kuipita, na njia hii Kilmeade hakuichonga peke yake.

Novemba 2023, Suella Braverman, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, aliandika kwamba wanaoishi kwenye mahema barabarani wamejichagulia maisha hayo. Iliripotiwa pia kwamba alitaka mashirika ya hisani yanayogawa mahema yawekewe adhabu. Alishambuliwa vikali, pendekezo likafa, naye siku chache baadaye akaondolewa wizarani kwa ugomvi mwingine kabisa. Wazo lenyewe halikuondoka naye. Ukishaamini kwamba mtu amechagua kulala kwenye baridi, hatua inayofuata ni kumwadhibu kwa chaguo lake.

Na wapo waliokwishaipiga hatua hiyo. Mji mdogo wa Grants Pass, jimboni Oregon, ulipitisha kanuni za kumtoza faini mtu anayelala kwenye bustani ya umma akiwa na blanketi au mto. Akirudia, angeweza kufungwa jela. Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema kanuni hizo hazivunji katiba. Mwezi mmoja baadaye Gavana Gavin Newsom wa California akaagiza mahema yaliyo kwenye ardhi ya jimbo lake yaondolewe. Newsom huyohuyo ndiye aliyemjibu Kilmeade kwa aya ya Mithali, ile inayomwonya anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini. Andiko ni zuri. Sijui kama waliobomolewa mahema yao walilisikia.

Hapa najua atainuka msomaji mmoja aniambie: wewe unatetea wauaji, ngoja siku binti yako achomwe kisu. Ndugu yangu, aliyeua ana mahakama yake, na sijaomba aachiwe. Ila hesabu ya serikali ya Marekani, iliyofanywa usiku mmoja wa Januari 2024, ilikuta watu 771,480 hawana makazi. Karibu 150,000 kati yao ni watoto. Niambie ni yupi katika watoto hao alikuwa kwenye treni ile na kisu mkononi.

Mwingine atasema wamepewa msaada wakaukataa. Hii ndiyo hoja ya Jones, nayo inasikika ya kistaarabu ukiiweka kando ya sindano. Rudi Grants Pass uone msaada wenyewe. Kituo kilichokuwa kikipokea watu wazima kilikuwa cha Kikristo, na masharti yake yalikuwa kuhudhuria ibada, kuacha sigara na kufanya kazi za kituo. Mgonjwa wa akili asiyeweza kutimiza hayo huandikwa kuwa amekataa msaada, kisha anafuatwa na askari mwenye kitabu cha faini. Anayedaiwa faini asiyoweza kuilipa atapangishwa chumba na nani?

Sisi huku tusijione watakatifu. Uingereza ilitunga mwaka 1824 sheria ya kuwaadhibu wazembe na wazururaji, na wakoloni wakaisambaza Afrika ndani ya sheria zao za adhabu. Tulipopata uhuru tuliishusha bendera yao, vifungu tukavibakiza. Mwaka 1983, Dar es Salaam, operesheni ya Nguvu Kazi ilikamata watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi ili wapelekwe mashambani. Ilibidi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, itoe maoni yake Desemba 4, 2020, kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kuzitaka nchi zizifute au kuzirekebisha.

Kwa hiyo mimi simwoni Kilmeade kuwa hatari kuliko wote. Kauli yake ilikuwa chafu kiasi kwamba hata mwenyewe ilimbidi aikane. Wanaonitia hofu ni wanaozungumza kwa upole, wenye suti na takwimu, kwa kuwa maneno yao ndiyo yanayogeuka kuwa kanuni za mji, na hakuna anayewadai radhi. Tukikemea, tuanzie kwao. Siku utakapomsikia kiongozi au mtangazaji, awe wa kwao au wa kwetu, akisema hawa wamejitakia, usisubiri afike kwenye sindano. Mkatize hapohapo, umuulize kitanda kiko wapi.