Stars na Morocco: Muislamu amshangilie nani?

Januari 17, 2024, Taifa Stars ilipocheza na Morocco katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, banda la mpira hapa Tukuyu lilifurika. Kijana mmoja wa msikitini kwetu aliwashangilia Wamorocco. Akaitwa msaliti. Akajibu kuwa wale ni ndugu zake katika imani, waliosujudu uwanjani Qatar mwaka 2022.

Ndugu msomaji, nani alikuwa sahihi?

Undugu wa imani ni haki, Qur'an (49:10) imeuthibitisha. Lakini hata nahodha wa Stars wakati ule, Mbwana Samatta, ni Muislamu. Wala kuipenda nchi yako si dhambi. Mtume (SAW) aliipenda Makka na akahuzunika kuihama.

Kosa liko kwingine. Novatus Miroshi alipotolewa kwa kadi nyekundu, banda zima lilimtukana mwamuzi, na yule kijana akacheka. Hakuna aliyeuliza kama kadi ile ilikuwa ya haki. Hapo sote tulikosea, nami nikiwemo. Qur'an (5:8) inatuonya kuwa chuki isitutoe kwenye uadilifu, na (4:135) inatutaka tuwe waadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Stars ilifungwa 3-0, watu wakaenda kulala. Lakini mtu asiyeweza kumtendea haki mwamuzi wa mpira, kesho akiitwa kusuluhisha mpaka wa shamba la migomba kati ya nduguye Muislamu na jirani Mkristo, ataamuaje?

Mshangilie umtakaye. Haki usiishangilie kwa upande mmoja.

Wallahu a'alam.