Mawaidha ya Ulanga wa Uluguru

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, muumba wa milima na wa chembe isiyoonekana kwa jicho. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Asimamaye Morogoro Mjini huiona milima ya Uluguru upande wa kusini. Katika milima hiyo mna jiwe ling'aalo liitwalo ulanga, nalo lilichimbwa huko tangu zama za utawala wa Wadachi. Jiwe hilo hutiwa katika vyombo vya umeme na milango ya majiko, kwa kuwa lastahimili moto wala halipitishi umeme. Na ajabu yake ni kuwa mtu akilitia ncha ya kisu ukingoni, hufunguka kurasa kurasa mfano wa kitabu. Lakini akitaka kuukata ukurasa mmoja katikati, hana budi kutafuta mkasi.

Sababu yake wameibainisha wenye elimu ya kemia. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, nazo huunganika kwa elektroni, yaani chembe za umeme zilizokizunguka kiini cha atomu. Ndani ya ukurasa wa ulanga, silikoni na oksijeni hushirikiana elektroni: kila silikoni imeshikwa na oksijeni 4, na nyingi katika oksijeni hizo zimeshika huku na huku, hata ukurasa wote ukawa kama wavu. Lakini baina ya ukurasa na ukurasa hapana ushirika huo. Pana atomu za potasiamu tu. Kila moja imetoa elektroni moja, na mvuto wake umegawanyika kwa oksijeni 12, basi kila oksijeni hupata kidogo. Hapo ndipo kisu kipitapo.

Na azingatie mwenye akili. Ni wangapi walioshikamana katika ukoo wao kama ukurasa wa ulanga, lakini baina yao na watu wa mtaa wa pili hapana ila mkono wa Idi? Wakiugua hawa, wale hawaji kuwatazama. Wakifiwa, hawafiki kulibeba jeneza. Msikiti ni mmoja, imamu ni mmoja, na safu zimenyooka. Kisha huja mfitini na neno moja, jamaa ikafunguka mapande mawili. Naye hakuwa na nguvu; alipapasa tu hata akapaona palipo dhaifu.

Akisema mwenye kusema, "Watu hao hawafanani: huyu wa mrima, huyu wa bara, huyu wa ng'ambo, wataungana vipi?" na ajibiwe kwa chumvi ya chunguni mwake. Chumvi ni sodiamu na klorini. Sodiamu ni madini yawakayo yakiguswa na maji; klorini ni hewa ya sumu iliyoua askari katika vita vya Ulaya mwaka 1915. Moja ikatoa elektroni, ya pili ikaipokea, zikashikamana, zikawa kiungo cha kila mlo. Hazikuungana kwa kufanana, bali kwa kutoa na kupokea.

Amri ya kushikamana na kamba ya Mwenyezi Mungu imo katika Sura ya Al-Imran, aya ya 103. Nayo haitimizwi kwa kutajwa mimbarini tu. Basi aliyemhama nduguye na amwendee leo, kabla ya magharibi, amwanze kwa salamu, wala asingoje kufuatwa. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu. Amin.