Homa Ikishashuka

Msimu wa korosho, wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa huamkia shambani na mtoto hubaki kwa bibi. Mtoto akiwa kwenye dawa ya koo, dozi hukatikia hapo. Mama ndiye aliyesikia maelezo zahanati, bibi ameachiwa chupa na kijiko tu. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anakimbizana na wenzake, na dawa inawekwa juu ya kabati kumngojea mdogo wake. Simlaumu bibi. Aliyepewa maelezo ndiye mwenye wajibu wa kuyafikisha, na baba naye ayajue.

Koo la mtoto mara nyingi huumwa kwa sababu ya virusi, hasa kukiwa na mafua na kikohozi, na hapo antibiotiki haisaidii kitu. Kwenda kuinunua kwa kila kikohozi si mapenzi. Ila homa ya ghafla, maumivu ya kumeza, mafindofindo yenye usaha na mitoki shingoni, bila kikohozi, hasa kwa mwenye miaka 5 hadi 15, ni dalili za kumpeleka akapimwe. Huenda ni bakteria wa streptokoki. Penisilini bado inawaua: sindano moja ya benzathini, au dawa ya kunywa, penisilini ama amoksilini, kwa siku 10. Tena tuhesabu. Chupa ya mililita 100, kwa mtoto anayepewa mililita 5 mara tatu kwa siku, haifiki mwisho wa siku ya saba. Chupa kuisha si dozi kuisha.

Wapo wanaokimbilia kukata kimeo. Wembe ule huleta damu isiyokatika, hata pepopunda, na bakteria hauwagusi.

Koo lenyewe lingeweza kupona bila dawa. Kinachoogopwa ni kinachokuja wiki mbili tatu baadaye kwa baadhi ya watoto: kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo na vali za moyo. Vali zikiharibika sana, safari ni ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pengine kwa upasuaji. Akirudi nyumbani, mtoto huyo atahitaji sindano ile ile ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.