Mwizi, Jirani na Shahidi

 

Mwenyezi Mungu alipowakumbusha Makureshi wema aliowatendea, alitaja kulishwa katika njaa na kusalimishwa na khofu. Neema hizi mbili zimewekwa pamoja, kwani mwenye chakula asiyeweza kulala kwa khofu hali yake haipitani sana na ya mwenye njaa. Kwa hiyo amani ya mtaa si kazi ya askari peke yao; ni neema ambayo kila akaaye hapo ataulizwa juu yake.

Na utazamwe mji wa Mombasa. Katika Mji wa Kale nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, vichochoro ni vyembamba, na mbele ya nyumba nyingi pana baraza. Baraza ile haikuwa ya mazungumzo tu. Wazee waliokaa pale baada ya sala ya Alasiri walimjua kila apitaye: huyu ni mtoto wa fulani, yule ni mgeni wa nyumba fulani. Mtoto akikosa alikanywa na mzee yeyote, na mamake akashukuru. Mtaa ulilindwa kwa macho na kwa haya kabla ya kulindwa kwa kufuli.

Zama zikageuka. Katika miaka ya 2010 magenge ya vijana wenye mapanga, na wengine wao wakiwa watoto bado, yalitisha mitaa ya Mombasa, khasa upande wa Kisauni. Watu walikatwa na kunyang'anywa simu na fedha. Mwenye uwezo akatia mlango wa chuma, akatia nondo madirishani, akalala. Lakini liko swali lisilozuiwa na nondo: vijana wale walitoka wapi?

Hawakuletwa na jahazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila mmoja ana mama, ana nyumba anayolala, na yuko mtu amnunuliaye simu ya wizi kwa bei ya kutupa bila ya kuuliza ilikotoka. Na jirani ajua. Hunyamaza kwa mojawapo ya mambo matatu: khofu, asije akalipiziwa kisasi, au aibu, kwani kijana ni mtoto wa jamaa, au tamaa, kwani naye apata vitu rahisi. Watu husema za mwizi ni arobaini. Ni kweli, lakini jirani aulizwe, zile siku thalathini na tisa yeye alikuwa wapi?

Kisha siku ya arobaini hufika. Sauti moja hulia, "Mwizi!" na mtaa mzima hutoka, kila mtu na jiwe lake. Wale walionyamaza mwaka mzima sasa wote wana sauti. Hapana aulizaye kilichoibwa ni nini, wala nani aliyeona, wala kama aliyeshikwa ndiye. Kitambo kidogo mtu amekufa, na pengine alikuwa mpita njia aliyekimbia kwa kuwa amekimbizwa. Waliomwua hurejea majumbani mwao wakidhani wameusafisha mtaa.

Na itazamwe Sharia ilivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, adhabu ya mwizi haithibiti kwa kelele. Hutakiwa kukiri kwake mwenyewe, au mashahidi wawili waadilifu. Na kilichoibwa kiwe kimefikia robo ya dinari, nacho kilikuwa kimehifadhiwa mahali pa kuhifadhiwa kitu kama hicho. Shaka ikiingia, adhabu ile huondoka. Na hatta ikithibiti, mwenye kuitimiza ni mtawala, si umati. Wala adhabu ya kuiba si kuuawa. Basi arushaye jiwe amejifanya shahidi na kadhi na mtimiza hukumu, wala hana sharti hata moja la hao watatu. Alitoka kurudisha mali ya mtu, akarudi na damu ya mtu.

Husemwa: "Polisi hula rushwa, na mahakama humwachilia mwizi kesho yake." Rushwa ni haramu, kwa mwenye kuipokea na mwenye kuitoa. Lakini kosa la askari halihalalishi damu ya mtu. Tena mshitakiwa huweza kuachiliwa kwa kuwa mashahidi hawakuja. Macho mia yaliyokuwapo penye mawe, mahakamani hayapatikani hata mawili. Na Kurani imekataza kuficha ushahidi, ikauhukumu moyo wa mwenye kuuficha kuwa umeingia dhambini. Kunyamaza na kurusha mawe ni ugonjwa mmoja: kote kuwili mtu akimbia kusimama kwa jina lake na kusema aliyoyaona.

Khofu ya shahidi ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Akiwa peke yake atadhurika. Ndiyo sababu wajibu huu si wa mtu mmoja. Tanganyika iliweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, na Kenya ikaufuata mfano huo mwaka 2013. Lakini mpango wa serikali ni chombo kitupu ikiwa wenye nyumba kumi hizo hawasalimiani. Watu kumi wakienda pamoja kwa wazazi wa kijana, kisha kwa imamu, kisha, asipoacha, kwa wenye amri, mlipiza kisasi hamwoni wa kumwandama.

Na kulinda kuna mipaka. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja, na Umar amekosa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila ya kutoa salamu. Umar akamwacha. Na imepokewa kwamba Umar huyo huyo, katika mwaka wa njaa kuu, mwaka 18 wa Hijra, hakumkata mkono mwizi, kwani aliyesukumwa na njaa si sawa na aliyesukumwa na tamaa. Kijana fakiri ana haki katika zaka za mtaa wake kabla hajashika panga.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Hakumtaja mwizi peke yake. Anunuaye cha wizi yumo, afichaye alijualo yumo, na arushaye jiwe yumo. Basi mwenye kutaka usingizi mwema na atoke nyumbani mwake, akae barazani, amjue kijana apitaye kwa jina lake, amwite akiwa bado asikia, kabla watu hawajamwita mwizi.