Maradhi ya Nasaba: Kuyaficha au Kuyasema?

Mtu afapo huacha mali, na huenda akaacha deni. Mali hugawanywa, na deni hulipwa kabla ya mali kugawanywa. Lakini liko jambo la tatu aliachalo katika miili ya wanawe, nalo ni maradhi ya nasaba. Je, ajuaye maradhi hayo katika aila yake yampasa kuyasema, au kuyasitiri?

Mfano wake ni maradhi ya vinundu vya utumbo mpana. Mwaka 1882 yalielezwa huko London kwa ndugu wawili wa tumbo moja, na mwaka 1991 ikajulikana asili yake, nayo ni jeni iitwayo APC. Kila mtu anazo nakala mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama, na kazi yake ni kuuzuia utando wa utumbo usiote kupita kiasi. Mfano wake ni ng'ombe wa mchezo aliyefungwa kamba mbili: mwenye kurithi maradhi haya huzaliwa na kamba moja imekwisha kukatika, na popote ikatikapo ya pili, huota kinundu. Vinundu hivyo huanza katika umri wa balehe bila ya maumivu, vikawa mamia au maelfu, na visipotibiwa hugeuka saratani, aghlabu kabla ya miaka 40 au karibu yake.

Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Uganda, aliona kuwa saratani ya utumbo ilikuwa nadra kwa Waafrika, na mwaka 1971 akaandika kuwa sababu ni vyakula vyao vyenye makapi. Ama aliyerithi, chakula peke yake hakimkingi.

Na urithi huu si kama wa mikarafuu, ambao mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja. Hapa kila mtoto, mume au mke, ana nusu ya tarajio la kupata. Na asiyepata hawarithishi wanawe. Tena wako wagonjwa, hata robo yao, ambao wazazi wao hawakuwa nayo. Basi si haki kuitukana nasaba ya mtu.

Watasema baadhi ya watu: kulitaja jambo hili ni ghiba, na kusitiri ni bora. Jawabu ni kuwa Fatima binti Qays alipomtaka shauri Mtume (s.a.w.) juu ya wanaume wawili waliomposa, alielezwa ya kila mmoja wao. Na Imamu Nawawi amehesabu nasaha ya ndoa katika mambo yanayohalalisha kutaja. Ikiwa kwa mposaji ni hivyo, basi haki ya ndugu na watoto ni kubwa zaidi, kwani mtoto akichunguzwa mapema, tangu miaka 10 au 12, na utumbo ukakatwa kwa wakati wake, saratani hiyo huzuilika. Na mtu wa Wete au Mkoani aambiwe mapema, apate kujiandaa kwa safari, hata ikibidi kuvuka bahari mpaka Muhimbili.

Lakini kusema kuna mpaka: aambiwe mwenye haki, kwa kadiri ya haja, wala si barazani. Anayemficha nduguye deni la marehemu humdhulumu mali. Anayemficha maradhi haya humdhulumu uhai.

Wallahu aalam.