Kimya cha Aliyehojiwa

Robert McNamara alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani tangu 1961 hata 1968, na vita vya Vietnam vilikua mikononi mwake. Kosa alilikiri kitabuni mwaka 1995. Katika filamu ya 2003 Errol Morris alimhoji, na mzee huyo akasimulia mengi kwa ufasaha. Lakini alipoulizwa kwa nini hakuvipinga vita hadharani baada ya kuacha cheo, hali vilidumu hata 1975, alikataa kujibu. Wako wasemao kuwa mahojiano ya namna hiyo ni bure, maana hayafufui wafu. Hukumu hiyo ina haraka. Mtaalamu huchagua maneno yake, wala si ajabu. Mahali pa kunyamaza huchaguliwa na swali. Kimya kile kilionyesha deni ambalo ungamo la kitabu halikulilipa.